Mizani Mbele ya Macho ya Mkulima

Katika vituo vya kununulia chai vya Ndanai, kwenye jimbo la Sotik katika kaunti ya Bomet, mkulima aliyeamka alfajiri kuchuma majani mawili na kichipukizi huleta mzigo wake kituoni, hulitundika gunia kwenye ndoano, huzisoma kilo kwa macho yake mwenyewe, kisha hupokea risiti kabla hajageuka kwenda zake. Karani anaweza kuwa mwaminifu kuliko watu wote wa kijiji, na bado mizani haiwekwi nyuma ya ukuta. Sababu ni kwamba tuhuma juu ya uzani haina budi kuja, leo au kesho, na jibu lake linafaa liwe tayari kabla haijatamkwa.

Mtu anayeandaa mashindano, yawe ya sataranji au ya gemu za kompyuta, yumo katika hali ya karani yule, ila aghalabu hajui. Hufikiria skrini, zawadi, umeme na viti, asifikirie lawama, hata siku inapomshukia hadharani akababaika baina ya kunyamaza na kufoka. Nia yangu katika safu hii ni kuonyesha kwamba lawama ya hadhara haizimwi kwa ufasaha wa kauli wala kwa ukali wa adhabu, bali kwa utaratibu ambao mlalamikaji mwenyewe anaweza kuusoma. Na nikizichambua lawama hizo naziona zikitoka pahala patatu: mlangoni, yaani nani ameruhusiwa kuingia. Katika kanuni, yaani sheria yenyewe ina insafu gani. Na katika hukumu, yaani adhabu imepimwa kwa kipimo kipi.

Tuanze mlangoni. Mwezi wa Aprili 2023 yalifanyika Nairobi mashindano ya wazi ya sataranji ya Kenya, yaliyokusanya wachezaji zaidi ya 400, na katika safu ya wanawake akaketi mchezaji asiyejulikana, amevaa buibui, nikabu na miwani. Hakusema na mtu, hata alipokwenda kuchukua beji yake. Alisogeza kete, akabonyeza saa, akanyamaza. Na raundi baada ya raundi akawashinda wanawake wenye sifa, mmoja wao aliyewahi kuwa bingwa wa taifa. Waliotazama kwa makini waliviona na viatu vyake, ambavyo vilikuwa vya kiume.

Zingatia mizani iliyokuwa mikononi mwa waamuzi saa ile. Wakinyamaza, wanawake waliofanya mazoezi mwaka mzima watanyang'anywa haki yao. Wakisema kwa pupa, na ikawa aliye nyuma ya nikabu ni mwanamke mcha Mungu asiye na kosa, watakuwa wamemvunjia heshima yeye na dini yake mbele ya ukumbi mzima. Bernard Wanjala, aliyekuwa rais wa chama cha sataranji nchini, alieleza baadaye kwamba mwanzoni hawakuwa na shaka yoyote, kwa maana hijabu ni vazi la kawaida, na kwamba kilichowatia shaka ni kuona mtu mgeni kabisa katika mashindano akicheza kwa ustadi mkubwa namna ile. Baada ya raundi ya 4 walimwita kando, faraghani, wakamtaka kitambulisho. Naye, kijana wa kiume wa miaka 25, mwanafunzi wa chuo kikuu, hakubisha. Alikiri, akaandika barua ya kuomba radhi, akataja dhiki ya fedha kuwa ndiyo iliyomsukuma.

Mambo matatu katika mwenendo ule yanastahili kuigwa. Kwanza, tuhuma ilichunguzwa faraghani, wala haikupigiwa mbiu kabla ya ushahidi. Pili, mwenye hatia aliondolewa na pointi zake wakapewa wale aliowashinda, maana kumwadhibu mkosaji ni nusu ya haki, na nusu ya pili ni kumrudishia aliyedhulumiwa. Tatu, chama kilisema wazi yaliyotokea, kwa mdomo wa kiongozi wake, badala ya kuwaachia wavumi wajaze pengo. Kasoro ilikuwa moja, nayo ilikuwa mlangoni penyewe: kitambulisho kilidaiwa baada ya raundi ya 4, ilhali kingalitazamwa vyema mezani pa usajili kwa kila mchezaji bila kubagua, na mwenye nikabu akatazamwa na mwanamke mwenzake katika chumba cha stara, shaka isingalipata pa kukaa.

Lawama ya pili, ile ya kanuni, ilionekana mwaka 2014, wakati shirikisho la kimataifa la michezo ya kompyuta, lenye makao yake Korea Kusini, lilipokuwa likiandaa mashindano ya dunia ya Baku, nchini Azerbaijan. Kanuni za mchujo wa Finland zilidhihirisha kwamba mchezo wa Hearthstone ungechezwa na wanaume tu. Na kwa kuwa wanawake hawakutengewa Hearthstone yao, maana yake walifungiwa nje kabisa ya mchezo wa karata unaohitaji akili na subira, si misuli. Shirikisho lilijitetea kwanza kwa kusema linataka kufanana na michezo mingine inayotambuliwa ulimwenguni. Utetezi ule haukufaa, kwa sababu walalamikaji hawakuuliza kanuni inafanana na nini, waliuliza inamlinda nani. Siku chache hazikupita, kanuni ikabadilishwa: mashindano yakawa wazi kwa wote, na kando yake yakawekwa ya wanawake, mpangilio ambao wacheza sataranji waliuzoea zamani. Kubadili kanuni mbovu upesi si fedheha. Fedheha ni kuing'ang'ania kwa kuwa imeshachapishwa.

Lawama ya tatu ndiyo nzito. Oktoba 2019 mchezaji wa Hearthstone kutoka Hong Kong, ajulikanaye kama Blitzchung, alitamka, katika mahojiano baada ya mchezo, wito wa kuikomboa Hong Kong. Kampuni ya Blizzard, yenye mchezo huo, ikamfungia mwaka mmoja, ikamnyima fedha alizoshinda, ikawaondoa na watangazaji wawili waliokuwapo. Kanuni iliyotumika ilikuwepo, hilo ni kweli, lakini iliandikwa kwa maneno mapana, na hukumu yote ikaachwa kwa hiari ya kampuni pekee. Dunia ikaghadhibika, na kabla ya wiki kwisha adhabu ikapunguzwa hadi miezi sita na fedha zikarudishwa. Hapo umma ukauliza kwa haki kabisa: ikiwa miezi sita ilitosha leo, mwaka mzima ulipimwa kwa kitu gani jana? Kanuni inayomwachia mwenye mashindano kila kitu ni mizani iliyowekwa nyuma ya ukuta.

Basi na tudhani kijana wa Ndanai ameazimia kuandaa mashindano ya gemu ya mpira katika ukumbi wa sokoni, kwa skrini moja na pedi mbili. Lawama zitakazomfika naweza kumtajia leo. Yule aliyeshindwa atasema pedi yake ilikuwa na kitufe kinachokwama. Basi na iandikwe kwamba kila mchezaji hujaribu vitufe vyote kabla ya kuanza, na akikubali amekubali. Umeme utakatika dakika ya 80. Na iandikwe kwamba mchezo utarudiwa kwa magoli yaliyokwisha kufungwa na kwa dakika zilizosalia. Katika sataranji mchezaji ana haki ya kusimamisha saa ili amwite mwamuzi. Na huyu wa pedi apewe haki hiyo hiyo, pamoja na watu watatu wa rufaa wasio na jamaa katika mashindano. Mabinti waruhusiwe kwa maandishi, wasingoje kuuliza.

Liko na suala la wazazi, ambao watasema hii ni kamari iliyovaa nguo mpya, wala wasidharauliwe, kwani wamewaona vijana wakiteketeza mshahara wa kuchuma chai katika ubashiri wa mechi. Jibu lao si hotuba. Ni daftari lililofunguliwa mezani, linaloonyesha kiingilio kimelipa ukumbi na umeme, na zawadi imetoka kwa mfadhili ambaye jina lake limeandikwa. Na ni mlango ulio wazi kwa mzazi yeyote anayetaka kuingia akatazama. Wakipsigis, wenyeji wa Ndanai, wanalijua jambo hili tangu zamani, kwani katika baraza la kokwet shauri husikilizwa mbele ya majirani, kila upande ukasema, na wazee wakahukumu kwa yale ambayo wote wameyasikia.

Haya yote yanatoshea katika karatasi moja, iliyoandikwa kwa Kiswahili na Kikipsigis na kubandikwa mlangoni siku saba kabla. Haitazuia manung'uniko, kwa kuwa kushindwa kunauma. Lakini mkulima aliyezisoma kilo zake mwenyewe huenda akaondoka kituoni amenuna kwa kuwa mavuno ni haba, na kesho yake alfajiri, pamoja na hayo, atarudi na gunia lake kwa karani yule yule.