Visanduku vya picha na pumzi ya msimulizi

Wanafunzi wetu wa Baraka wanapochora hadithi za wazee, wengi wanagawanya ukurasa kwa visanduku sita, vyote sawasawa kwa rula. Ni safi, lakini hadithi inapoteza pumzi. Mzee akisimulia, anajuaka mahali pa kunyamaza. Usiku wa kungojea ndagala kwa taa, tuupe kisanduku kimoja cha upana wote. Ubishi wa bei kando ya ziwa, visanduku vidogo vidogo.

Barly Baruti alichora vita ya ziwa hili letu katika Madame Livingstone (2014). Mikasa ya Fizi inatungojea sisi. Watoto wengi walikulia kambini Nyarugusu, mbali na moto wa babu: kwao ukurasa ndio msimulizi. Basi nao ujue kunyamaza.