Zamu ya Kila Mrija

Ukitoka mjini Beni kuelekea Komanda, barabara inapita Oicha na mashamba ya kakao, na baada ya kilomita zipatazo 60 unafika Eringeti, mlangoni mwa Ituri. Wanande walioshuka kutoka milimani, Wambuba na Wambuti wa msituni wamekuwa majirani hapa kwa vizazi. Wamepeana ndizi na nyama ya porini, na wamepeana muziki pia. Kati ya mambo yaliyovuka mipaka ya makabila katika ukanda huu zimo filimbi ambazo Wanande huziita eluma. Waefe wa Ituri husema luma, na Waamba walio upande wa Uganda, ng'ambo ya mto Semuliki, nao wana luma yao.

Eluma ni mirija mingi, mirefu kwa mifupi, iliyozibwa upande wa chini, na kila mrija una mpigaji wake. Haina matundu ya vidole, kwa hiyo kila mmoja hutoa noti moja tu. Zamu yake ikifika, mpigaji anapuliza, ananyamaza, anasubiri, anapuliza tena. Noti zinapokezana namna hiyo mpaka unasikika wimbo kamili, na hakuna hata mpigaji mmoja anayeweza kusema kwamba ndiye aliyeupiga.

Kwa sababu hiyo namstahi sana anayejifunza eluma kutoka kwenye rekodi. Filimbi ya mtu mmoja, kama enyamulera ya Wanande na Wakonzo, sikio linaweza kuifuata hatua kwa hatua, kwa kuwa kila unachokisikia kimetoka kwenye pumzi moja. Eluma ikichezwa kwa mwendo wake wa kawaida haikupi nafasi hiyo. Noti zinakimbizana kwa ukaribu, sikio linaziunganisha lenyewe, na unabaki na wimbo mtamu ambao hujui umeshonwa wapi. Kadiri wapigaji walivyo mahodari, ndivyo mshono unavyozidi kufichika.

Dawa yake ni kupunguza mwendo. Enzi za kanda, kazi hii ilifanywa na mashine yenyewe: rekodi iliyonaswa kwa kasi ya inchi 7.5 kwa sekunde ilichezwa kwa inchi 3.75. Wimbo ulirefuka maradufu na sauti ikashuka oktavu nzima. Mrija uliozibwa wenye urefu wa sentimeta 17 hutetemesha hewa kama mara 500 kwa sekunde. Kwenye kanda iliyopunguzwa unasikika kama mara 250, yaani kana kwamba umekatwa kwa sentimeta 34. Siku hizi programu ya simu inaweza kurefusha muda bila kuishusha sauti. Inaigawa sauti katika vipande vidogo mno, kisha inavipanga upya kwa nafasi ndefu zaidi.

Mwanafunzi makini anazihitaji njia zote mbili. Ile ya kanda hushusha noti, lakini huhifadhi umbo la mwanzo wake, ule mkwaruzo mdogo wa pumzi inapogonga ukingo wa mrija. Mkwaruzo huo ndio unaokuambia nani ameingia na kwa nguvu gani. Ile ya simu huutia ukungu mwanzo wa noti, lakini kwa kuwa noti imebaki palepale, unaweza kushika mrija wako na kupuliza pamoja na rekodi. Kwa hiyo unaanza na ya kwanza ili ujue, halafu unakwenda kwenye ya pili ili uweze.

Kinachonishangaza kila ninaposikiliza muziki wa aina hii kwa nusu mwendo ni ukimya. Robo ya sekunde inageuka nusu sekunde, na sikio linapata wasaa wa kuuliza: huyu ni nani, na kabla yake alikuwa nani? Unachagua mrija mmoja, unaiacha mingine yote ipite, na unaufuata huo mzunguko hadi mzunguko. Noti yake unaijua mapema, kwa kuwa ni ileile siku zote. Linalochukua muda ni kujua inaponyamaza. Ukiendelea kusikiliza utagundua kwamba noti ya jirani yake ndiyo inayomfungulia mlango, kwa hiyo kujifunza zamu yako ni kujifunza sauti ya mwenzako.

Wengine wamelifikia jambo hilohilo kwa njia nyingine. Simha Arom, aliyewachunguza Wabanda-Linda wa Jamhuri ya Afrika ya Kati na kundi lao la baragumu zenye noti mojamoja, alimpa kila mpigaji visikilizio ili apige sehemu yake peke yake, huku akisikia sehemu za wenzake zilizokwisha kurekodiwa. Kitabu chake kilitoka mwaka 1985. Lakini Arom alikuwa na wapigaji mbele yake. Anayejifunza leo mara nyingi ana sauti tu: zile ambazo Hugh Tracey alizinasa pembezoni mwa msitu wa Ituri mwaka 1952, zikiwemo za Wanande na Wambuti, au kazi ya Serena Facci, Mwitaliano aliyeuchunguza muziki wa Wanande miaka ya 1980.

Na huku kwetu sauti hizo zina uzito wa pekee. Tangu mwaka 2014 mauaji yamewahamisha watu wa eneo la Beni mara kwa mara. Mwezi Novemba 2015 Eringeti yenyewe ilishambuliwa, na hata hospitali haikusalimika. Mpiga filimbi wa peke yake akikimbia, anakimbia na nyimbo zake zote kichwani. Wapiga eluma wakitawanyika, mmoja Oicha, mwingine Butembo, mwingine Bunia, kila mmoja anaondoka na noti moja, na wimbo hauko kwa yeyote.

Rekodi iliyopunguzwa mwendo inaweza kuzikusanya noti hizo sikioni mwa mtu mmoja. Kwa uvumilivu, kijana anaweza kujua zamu ya kila mrija, kisha akapandisha mwendo kidogo kidogo hadi ule wa wazee. Hata hapo atakuwa hajaupiga wimbo, kwa sababu ana mdomo mmoja. Itabidi awatafute wengine, akate mirija, ampe kila mmoja noti yake na amwonyeshe jirani wa kumsikiliza. Kazi yake ya ualimu inaanzia hapo, na tayari anajua aanze nayo polepole.