Benz ya Mzee na Spana ya Wariinga

Kuna gari chini ya mwembe nyumbani kwetu Muhuru Bay ambalo lilikula fee yangu ya mwaka wa tatu. Si mafumbo. Mzee alikuwa na pesa ya kitu kimoja tu, na gari lilikuwa limezima njiani kuelekea Sori likiwa limembeba bibi harusi. Akalipa fundi. Kwa hesabu zake, gari likipona lingekodishwa harusi kadhaa na kunirudisha chuo. Halikupona. Mimi nikarudi nyumbani na begi moja, nikijua ni semista moja tu. Sasa ni miaka minne.

Gari lenyewe ni Mercedes 280 SE, ile bodi ya W126 iliyotengenezwa kuanzia 1979. Injini ya silinda 6, lita 2.8. Namba yake ni ya zamani, herufi tatu na tarakimu tatu, haina herufi ya mwisho. Mzee alilinunua miaka ya tisini, enzi za mbuta, wakati samaki wa ziwa hili walikuwa wanakatwa minofu na kupandishwa ndege kwenda Ulaya, na mtu mwenye boti tatu aliweza kuota ndoto ndefu kuliko barabara ya kwao. Ati lilikuwa la bosi wa shirika fulani. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ukapiga marufuku samaki wetu kwa muda. Boti zikauzwa moja moja. Benz ikabaki.

Ndani ya gari hilo, kiti cha nyuma, milango wazi kwa sababu ya joto, ndimo niliposoma Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o mara ya kwanza. Nilikuwa na hasira, na nilitaka kitabu cha kunishika mkono. Kilinishika. Kama hujakisoma, basi kwa ufupi: Ngũgĩ alikiandika kwa Gĩkũyũ akiwa kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za choo, na kikachapishwa 1980. Msichana anayeitwa Wariinga, aliyefukuzwa kazi na kesho yake akafukuzwa nyumba, anapanda matatu kwenda Ilmorog, ambako kuna mashindano ya wezi na wanyang'anyi wa kisasa. Kila mshindani akipanda jukwaani lazima ajitambulishe kwa wake zake, vimada wake na magari yake. Yaani gari ni sehemu ya jina. Huwezi kuwa mwizi wa maana kama unatembea kwa miguu.

Nilicheka peke yangu humo ndani. Wabenzi! Neno lenyewe ni la Kiswahili na ni la kwetu Afrika Mashariki: ukabwandika wa- mbele ya Benz ukapata kabila jipya. Nikaona baba yangu ni Mbenzi aliyefilisika, na mimi ni kafara. Kitabu kikafungwa, kesi ikafungwa.

Na usomaji huo hauna makosa ya ukweli. Nchi hii imekuwa ikisoma magari hivyo hivyo. Januari 2006 Transparency International Kenya na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu zilitoa ripoti zikionyesha kwamba serikali iliyoingia kwa ahadi ya kufagia ufisadi ilikuwa imetumia angalau shilingi milioni 878 kwa magari ya kifahari, katika muda usiofika miaka miwili. Mwaka 2009 waziri wa fedha, wakati huo Uhuru Kenyatta, akaamuru mawaziri waachane na magari makubwa wapande yenye injini isiyozidi 1800cc, na Volkswagen Passat zikaletwa. Kila mtu alielewa ujumbe bila kutafsiriwa. Sisi tunajua kusoma gari kabla ya kujua kusoma gazeti.

Shida ni kwamba tunasoma ukurasa wa kwanza tu, wakati gari ni jipya. Ngũgĩ naye kwa Mercedes anafanya hivyo. Katika riwaya yake Mercedes haiharibiki. Haivuji mafuta, haitafutiwi spea. Ni beji inayotembea. Lakini mse, Mercedes huishi miaka arobaini, na huteremka ngazi. Wa kwanza ni mkubwa wa ofisi. Wa pili ni mfanyabiashara anayetaka kuonekana mkubwa wa ofisi. Wa tatu ni mtu kama mzee wangu, mwenye boti. Kampuni ya bima haitaki kuikatia bima kubwa kwa sababu imezeeka, inabaki third party. Wa nne anaikodisha kwa harusi. Wa tano ni kuku. Utajiri ulioinunua uliisha ngazi ya pili, ila gharama zake zinateremka nayo mpaka chini, na huku chini ndiko tunakoishi wengi wetu. Hiyo ndiyo hadithi ambayo Shetani Msalabani haikunisimulia, na ndiyo niliyokuwa nimekalia.

Ngũgĩ alipofariki Mei 28, 2025, nilirudia kitabu, kwa heshima tu, kama watu wengi. Safari hii kuna kitu kilinishtua. Gari ambalo Ngũgĩ analipenda kweli ni kuukuu. Ni matatu ya Mwaura, Ford Model T iliyochakaa, inayopiga kelele hadi abiria wanashangaa inasonga vipi. Mwaura si malaika, utaona mwenyewe. Lakini ni ndani ya mkweche huo watu wasiojuana wanaanza kuambiana maisha yao. Mfanyakazi, mwanamke aliyepigania uhuru akaachwa mikono mitupu, msomi anayetafuta muziki wa kwao, Wariinga. Magari mapya ya kitabu hiki hubeba mtu mmoja na tumbo lake. La zamani linabeba mazungumzo. Nilisoma ukurasa huo nikatazama dari ya Benz yetu iliyoshuka kitambaa, nikawakumbuka mabibi harusi wote, na jeneza moja la jirani ambalo halingeingia vizuri ila liliingia.

Kisha kuna mdogo wangu.

Ana miaka kumi na tisa, amemaliza fomu four, na kwa miaka miwili amekuwa akishinda ufuoni na mafundi wa injini za boti. Ugonjwa wa Benz ulikuwa huu: asubuhi inawaka vizuri kabisa. Endesha hadi sokoni, zima, nunua omena, rudi: haiwaki tena mpaka injini ipoe. Mafundi watatu kutoka mji mkubwa walisema pampu ya petroli. Pampu mbili zilinunuliwa Grogan, pale Kirinyaga Road, ambapo watu husema unaweza kuuziwa side mirror yako mwenyewe. Mojawapo ya pampu hizo ndiyo fee yangu.

Mdogo wangu alisema kitu kimoja: kama pampu ndiyo mbovu, mbona asubuhi inawaka? Gari hili halina kompyuta. Petroli inasukumwa kwa presha muda wote, na ukizima, kuna kikopo cha chuma chini ya gari, karibu na pampu, chenye springi na ngozi ya mpira, kazi yake kushikilia presha hiyo. Presha ikitoroka wakati injini ni moto, petroli inachemka ndani ya mipira na kuwa mvuke, na mvuke hauwashi gari. Akalala chini ya Benz, akachomoa kimpira kidogo cha nyuma ya kikopo, ambacho hakifai kutoa kitu. Petroli ikamdondokea kiganjani. Ngozi ya ndani ilikuwa imepasuka.

"Baba, si pampu," akasema. "Haijawahi kuwa pampu."

Mzee alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Nyathina," akaishia hapo. Mimi nilikuwa nimesimama kando, nikihesabu.

Sasa rudi kwenye riwaya, sehemu ya mwisho, ile ambayo watu wengi wanaipita mbio. Wariinga yule wa mwanzo, karani aliyechukia rangi ya ngozi yake na kutaka kufa, anarudi akiwa fundi. Amesomea uhandisi wa magari. Anaingia gereji, wanaume wanamcheka, na anawanyamazisha kwa injini, si kwa mdomo. Kwangu hizi ndizo kurasa bora za kitabu chote. Ngũgĩ anaelewa hapa jambo ambalo jukwaa la wezi linalificha: kwamba chini ya beji kuna mashine, na mashine ni ya yule anayeielewa. Jukwaani gari linatamkwa kama cheo. Gerejini linasikilizwa kama mgonjwa.

Ndiyo maana mwisho unaniuma. (Usipende kuharibiwa uhondo, ruka aya hii.) Kiwanja cha gereji kinanyakuliwa na matajiri, na Wariinga anamaliza riwaya akiwa na bastola mkononi, si spana. Ninaelewa kwa nini. Riwaya iliyoandikwa kizuizini ina haki ya kufyatua risasi. Lakini bastola ni jibu la dakika moja, na swali la gereji linabaki: wale mafundi wenzake walienda wapi Jumatatu? Ngũgĩ alimjenga mwanamke anayeweza kutengeneza kitu, halafu kitabu kikamwondoa kabla hatujaona maisha ya kutengeneza yanafananaje. Mimi nayaona kila siku chini ya mwembe. Yana grisi, yana madeni, na hayaishi.

Upande wa pili wa kosa hilo wako wapenzi wa magari ya kale. Pale Ngong Racecourse, kwenye Concours d'Elegance inayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo, majaji huinama wakakagua mpaka chini ya bodi. Napenda ile inama yao. Lakini wanachotafuta ni usafi. Gari linapata alama kwa kufuta dalili zote za maisha yaliyopita. Kwa hiyo tuna wasomaji wawili: mmoja anaona dhambi tu, mwingine anaona mng'aro tu. Hakuna anayemwona aliyelala chini.

Nisikudanganye, sijalisamehe gari. Bado naamini mzee alichagua vibaya. Lakini sasa najua alichagua vibaya kwa sababu aliambiwa vibaya, na aliambiwa vibaya kwa sababu aliyejua alikuwa msichana wa shule, na hakuna aliyemuuliza.

Wiki iliyopita tulikaa kikao. Mdogo wangu amepata nafasi chuo cha ufundi, kozi ya magari, na fee ni ile ile hadithi. Baba mdogo akasema Benz iuzwe. Kuna wanunuzi wawili: mmoja wa vyuma chakavu, anayelipa kwa kilo, na mmoja wa Migori anayetaka gari la harusi, anayelipa vizuri kama tu gari linawaka likiwa moto. Mzee akanigeukia mimi, wa kwanza kulipa bei ya gari lile, aniulize. Nikasema aulizwe yeye, ndiye fundi.

Akasema liuzwe kwa wa Migori. Ila kikopo kipya kinunuliwe kwanza, akifunge yeye mwenyewe, na kazi yake ihesabiwe kwenye bei kama ya fundi mwingine yeyote.

Kikopo kimetumwa kwa basi. Mnunuzi anakuja Jumamosi, na nimeambiwa kazi yangu ni kumzungusha hadi sokoni, kuzima injini, na kununua omena taratibu.