Mchezo wa simu unafundisha kusoma, ama kubahatisha?

Mimi ni mtu wa agronomia, si mwalimu. Lakini mwaka huu ninaishi na binti wa dada yangu, ana miaka sita, yuko mu mwaka wa kwanza hapa Bukavu. Mu simu yangu tuliweka mchezo mmoja wa kujifunza kusoma Kiswahili. Jina lake ninaliacha, juu ninayosema inagusa michezo mingi ya namna hii.

Kwanza tuipe michezo haki yake. Mwaka 2019, shindano la Global Learning XPRIZE liligawa zawadi kubwa kwa programu mbili, Kitkit School na onebillion, nyuma ya majaribio ya miezi 15 mu vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, Tanzania. Watoto karibu 3,000 walipewa tableti zenye kuchajiwa kwa nguvu ya jua. Mwanzoni, zaidi ya 90 kwa 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Mwishoni hesabu hiyo ilishuka nusu. Hiyo si kitu kidogo. Na ninaelewa juu ya nini. Mchezo hauchoki, haupigi kelele, na mtoto akikosea hakuna mwenzake wa kumucheka. Mu darasa lenye watoto wengi, mwalimu mmoja hawezi kumurudilia kila mtoto ba-be-bi-bo-bu mara makumi mawili. Simu inaweza.

Sasa shida. Nyuma ya mwezi mmoja binti alikuwa na nyota nyingi sana, nyumba yote tukafurahi. Siku moja umeme ukakatika, betri ikaisha. Nikaandika maneno yale yale ku kipande cha karatoni. Alisoma mawili tu kati ya kumi. Nilipomuangalia tena akicheza, nikaona: mchezo unamupa majibu matatu, yeye anagusa moja, likikataa anagusa lingine. Nyota inakuja tu. Sisi mu agronomia tunajua: mbegu kuota mu sahani ya maabara si mavuno. Nyota ni kuota tu.

Lakini jambo lililoniuma zaidi ni hili. Picha ya mtoto ilitokea, naye akatafuta "mu". Mchezo ukataka "m-to-to". Akakosea, akarudia "mu", akakosea tena.

"Tonton, banasahabu u!" akaniambia.

Nikakosa jibu. Kwetu tunasema mutoto, muti, mukate. Sikio lake lilisikia vizuri sana, halafu mchezo ukamwambia amekosa. Kwa mtoto anayeanza, hilo ni hatari: anajifunza kwamba maandishi hayafuati sauti, basi heri kubahatisha. Sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha zetu za taifa kufundishia miaka ya kwanza. Lakini Kiswahili kinachoingia mu simu kimepandwa kwingine. Sisemi tukikatae, ndicho cha vitabu, atakihitaji. Ninasema mtu mukubwa akae pembeni amwambie: "Sisi tunasema mutoto, mu kitabu wanaandika mtoto." Sentensi moja, sekunde tano. Simu haiwezi kuisema juu haimujui.

Kwa hiyo tulibadilisha. Simu ni dakika 15, nyuma ya kazi za masomo. Kisha tunakaa chini na vifuniko vya soda. Juu ya kila kimoja nimeandika silabi kwa bik. Anachota vitatu, anajenga neno, analisoma kwa sauti, kisha analiandika. Hakuna majibu matatu ya kuchagua, kwa hiyo hakuna njia ya kubahatisha. Watoto wa jirani wanakuja, wanabishana kama "kuku" ni vifuniko viwili ama kimoja kinatosha mara mbili. Wiki iliyopita alisoma peke yake maneno yaliyoandikwa ku mufuko wa sukari. Hakuna nyota iliyotokea, ni kelele za bibi yake tu.

Hukumu yangu basi: mchezo wa simu ni mbolea nzuri, lakini mbolea peke yake haipandi shamba. Ninyi wenzangu mulio na watoto nyumbani, fanyeni jaribio la karatoni leo jioni, bila simu. Mutuambie hapa walisoma mangapi kati ya kumi.