Shahada ya Bujumbura, kazi ya Kalinzi: jinsi elimu ya nje inavyotambuliwa kabla ya kibali

Shahada ya kilimo iliyotolewa Bujumbura haimwezeshi mwenye nayo kuajiriwa Kalinzi mpaka ipite mikononi mwa vyombo kadhaa vya Serikali ya Tanzania, kila kimoja na swali lake. Kalinzi ni kata ya kahawa katika milima ya Wilaya ya Kigoma, kando ya barabara inayopanda kutoka Kigoma mjini kwenda mpaka wa Manyovu. Burundi nayo hulima arabika kwenye milima ya namna hiyohiyo, na Waha wa Kigoma na Warundi huelewana kila mmoja akisema lugha yake. Mtaalamu wa kahawa kutoka ng'ambo angeweza basi kuvuka asubuhi na mchana akawa shambani. Kinachomchelewesha ni karatasi.

Chombo cha kwanza ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoanza mwaka 2005 kwa Sheria ya Vyuo Vikuu na kurithi kazi za baraza la ithibati lililokuwapo tangu 1995. Tume huangalia mambo matatu: kama chuo kinatambuliwa na mamlaka za nchi kilipo, kama cheti ni halali na kimetolewa kwa mtu huyo, na elimu iliyopatikana inalingana na ngazi gani ya Tanzania. La kwanza huamuliwa haraka kwa vyuo vikongwe kama Chuo Kikuu cha Burundi, kilichoanzishwa 1964. La pili hutegemea majibu ya chuo chenyewe, na hapo kasi ni ya msajili wa Bujumbura, au wa Lubumbashi kwa mhitimu wa Kongo, si ya Dar es Salaam. La tatu ndilo lenye utata.

Tanzania ilirithi mfumo wa Kiingereza. Shahada ya kwanza huchukua miaka mitatu kwa fani nyingi, minne kwa uhandisi na mitano kwa udaktari. Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilirithi wa Kibelgiji. Kwa miongo mingi mwanafunzi wa Kongo alisoma miaka mitatu akapata graduat, kisha miwili zaidi akapata licence. Wa Burundi alianza na candidature ya miaka miwili, ndipo akaingia licence. Baadaye nchi zote mbili ziligeukia mfumo wa ngazi tatu unaotumika Ulaya: Burundi kwa sheria ya mwaka 2011, Kongo kwa kuueneza vyuoni kuanzia mwaka wa masomo 2021/22. Katika mpangilio mpya wa Kongo, licence huisha kwa miaka mitatu.

Kwa hiyo Wakongomani wawili wanaweza kuleta vyeti vyenye jina moja la shahada, mmoja akiwa amesoma miaka mitano na mwenzake mitatu. Anayepima kwa jina atamwonea wa kwanza au kumpendelea wa pili. Njia salama ni kuhesabu miaka, masomo na saa zake, na hizo zimo ndani ya transkripti, si kwenye cheti kilichopambwa kwa mhuri na saini. Waombaji wengi huthamini cheti na kuichukulia transkripti kama kiambatisho tu, ilhali kwa mpimaji ni kinyume chake. Kama ni ya Kifaransa, lazima ifasiriwe na mfasiri anayetambulika. Tafsiri inayogeuza kila licence kuwa shahada ya kwanza bila kutaja miaka huharibu kazi yote.

Vyeti vya zamani vina kadhia yao. Kati ya 1971 na 1981 serikali ya Rais Mobutu wa Kongo iliviunganisha vyuo vikuu vya Kinshasa, Kisangani na Lubumbashi kuwa chuo kimoja cha taifa, UNAZA. Mtu aliyehitimu Lubumbashi miaka hiyo ana cheti cha chuo ambacho leo hakipo kwenye orodha yoyote. Cheti si bandia, ila kumbukumbu zake hutafutwa kwa warithi wa chuo hicho.

Alama nazo hupotosha. Mhitimu wa Kongo aliyepata asilimia 65 huandikiwa satisfaction, daraja linaloanzia asilimia 50 na kuishia chini ya 70. Distinction huanza 70, na wanaofika 90 ni wa kuhesabika. Tanzania hutumia wastani wa pointi 5, ambapo daraja la kwanza huanza 4.4 na la pili la juu 3.5. Kubadili asilimia kuwa pointi kwa kuzidisha na kugawanya humpunja Mkongomani aliyesoma kwa walimu wabahili wa alama. Kwa bahati, kibali cha kazi huhitaji zaidi kujua ngazi ya elimu kuliko daraja la ufaulu.

Chini ya shahada kuna elimu ya sekondari, ambayo hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA. Tanzania ina mitihani ya kidato cha nne na cha sita. Kongo na Burundi zina mtihani wa taifa mwishoni mwa sekondari. Mwombaji asiye na cheti cha mtihani huo huulizwa aliingiaje chuoni, hata kama ana shahada ya uzamivu.

Kwa fani zinazodhibitiwa, utambuzi wa TCU hautoshi. Mhandisi huenda Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya 1997, na daktari huenda Baraza la Madaktari Tanganyika. Bodi hizi hupima uwezo wa kufanya kazi, si miaka ya darasani. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mwaka 2012 makubaliano ya kutambuliana wahandisi, jambo linalomrahisishia mhandisi wa Nairobi njia ambayo wa Bujumbura hakuipata siku hiyo.

Ndipo kinakuja kibali chenyewe. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inampa Kamishna wa Kazi mamlaka ya kukitoa, na mwajiri, kwa mfano chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ndiye anayebeba mzigo wa ushahidi. Hana budi kuonyesha kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye ujuzi huo akamkosa, na kwamba ana mpango wa kumrithisha Mtanzania kazi hiyo. Kibali cha Daraja B ni cha fani zilizotajwa na sheria, zikiwemo afya, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati. Fani nyingine huangukia Daraja C. Kibali hudumu miezi 24 na huweza kuhuishwa, lakini si bila kikomo. Mtaalamu wa kahawa anaweza kuwa na shahada iliyotambuliwa bila doa na bado akanyimwa, kwa sababu Chuo Kikuu cha Sokoine huko Morogoro huzalisha wataalamu wa kilimo kila mwaka. Hilo si kosa la TCU.

Jumuiya ya Afrika Mashariki imelegeza baadhi ya mambo kwenye maandishi. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inazitaka nchi kutambuliana elimu na ujuzi, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza eneo moja la elimu ya juu. Burundi ni mwanachama tangu 2007, Kongo tangu 2022. Hata hivyo itifaki hiyo haikufuta vibali; ilipanga tu namna ya kuvitoa, na kila nchi ilichagua fani za kufungulia mlango.

Kigoma ina kundi jingine, wakimbizi wa kambi za Nyarugusu na Nduta, ambao sheria ya 2015 imewatengea kibali cha Daraja E. Mwalimu aliyekimbia Kivu bila karatasi hawezi kuliandikia dola alilolikimbia limthibitishie elimu. Zambia ilijaribu mwaka 2019, pamoja na UNESCO, hati inayotolewa baada ya mahojiano na uchunguzi wa kumbukumbu chache zilizopo. Njia hiyo ingefaa pia Kasulu na Kibondo, kwenye kambi hizo.

Baada ya Kamishna wa Kazi, Idara ya Uhamiaji hutoa kibali cha ukaazi. Vibali hivi hufungamana na ajira: mtaalamu akiacha ushirika wa Kalinzi na kwenda kwa mwajiri wa Kasulu, huomba upya. Utambuzi wa TCU ni wa shahada yenyewe, hivyo mtaalamu huenda nao.