Heko kwa Mafundi wa Breki wa Lubumbashi

Pikapu ya mgodini ikitoka Kolwezi kupitia Likasi, kilomita zipatazo 300, mara nyingine hufika gereji usukani ukitetemeka kila breki ikikanyagwa. Fundi hodari haanzi kwa kuuza diski mpya. Huipima ya zamani kwa kaliba, sehemu kadhaa, akilinganisha na unene wa chini uliochapwa kwenye diski yenyewe. Imepungua? Zinatoka zote mbili za ekseli, hata mwenye gari akinuna. Ninachokistahi zaidi ni brashi ya waya: kutu ikibaki kwenye habu, diski mpya hukaa upande na mtetemo hurudi. Wavivu huruka hapo. Yeye husugua. Kisha, kabla gari halijasogea, hukanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Heko, papa fundi! Bei tutaelewana.