Mtihani wa Mchana Niliousikia Asubuhi

Nilifika chuoni saa mbili kasoro robo asubuhi, mashine yangu ya nukta nundu begani, tayari kwa mtihani wa Takwimu. Mlinzi wa getini akaniuliza naenda wapi, nikamwambia. Akacheka kidogo: "Kaka, leo asubuhi hakuna mtihani. Wenzako wanakuja saa nane mchana."

Ratiba nilikuwa nimeisoma mwenyewe siku tatu kabla, kwa masikio, kwa kutumia programu ya kusoma skrini. Niliisoma mara mbili, na nilichosikia ndicho programu ilichotamka. Niliporudi nyumbani nililifungua tena lile faili la Word, safari hii si kutafuta tarehe bali kutafuta kosa.

Mtu anayeona akitua kwenye neno "Takwimu" katikati ya jedwali, jicho hupanda juu likakuta "Mchana", likaenda kushoto likakuta "Jumatano". Hajui hata kama amefanya safari mbili. Sikio halina juu wala kushoto. Lina kabla na baada tu. Yeyote aliyewahi kumsomea mwenzake ratiba kwa simu anaijua taabu hiyo: ukisoma mfululizo anapotea, na ukirudia siku na saa kwa kila neno mnachoka wote.

NVDA, programu ninayotumia, ina dawa nzuri ya taabu hiyo. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, kisha akaungana naye James Teh, ambaye naye haoni. Haiuzwi, na sauti inayokuja nayo, eSpeak NG, inasoma Kiswahili, ingawa kwa lafudhi ya mtu aliyemeza bati. Ukiwa ndani ya jedwali unashika Ctrl na Alt, kisha unatembea kwa vitufe vya mishale. Programu haikuchoshi kwa kurudia kila kitu: inataja kilichobadilika tu. Ukienda kulia, siku ni ileile, kwa hiyo inatamka kichwa cha safu wima mpya na kilichomo. Ukishuka, kipindi ni kilekile, kwa hiyo inatamka siku. Kisanduku kisicho na kitu nacho hutangazwa kuwa ni kitupu. Watumiaji wa JAWS, programu nyingine ya kusoma skrini, wanatembea kwa vitufe hivyohivyo.

Sasa, ratiba yangu. Nilipobonyeza Ctrl, Alt na mshale wa kulia, nikaambiwa sipo kwenye jedwali. Hapo ndipo fumbo lilipofumbuka. Aliyeiandaa alikuwa ameandika siku, akabonyeza Tab, akaandika somo la asubuhi, akabonyeza Tab, akaandika la mchana, Tab tena, ukumbi. Kisha akachora mistari juu yake. Kwa macho palikuwa na jedwali safi. Kwa kompyuta palikuwa na aya tano zenye nafasi kubwa katikati ya maneno.

Jumanne ilisomeka hivi: "Jumanne Uhasibu Sheria Ukumbi A". Nikajifunza mpangilio: la kwanza asubuhi, la pili mchana. Ikaja Jumatano, ambayo asubuhi yake ilikuwa wazi: "Jumatano Takwimu Ukumbi B". Tab mbili zilizofuatana zilipita kimya, kama vile Tab moja inavyopita. Jicho liliona pengo, sikio halikusikia chochote, na Takwimu ikasogea nafasi moja kutoka mchana hadi asubuhi. Ndivyo mtihani wa saa nane ulivyogeuka kuwa wa saa mbili.

Nililiandika upya kama jedwali halisi, la kuingizwa kwa amri ya Word yenyewe. Nikaenda kwenye kisanduku cha kwanza cha vichwa, nikabonyeza Insert, Shift na C kuiambia NVDA kwamba vichwa vya safu wima vimo katika safu mlalo hii. Kisha Insert, Shift na R kwa ajili ya siku. Nikashuka hadi Jumatano, nikaenda kulia: "Asubuhi", kitupu. Kulia tena: "Mchana, Takwimu". Data ileile, faili lenye sura ileile, jibu tofauti kabisa.

Lakini Insert, Shift na C ni kazi ya msomaji anayejitafutia. Mwandishi anaweza kuimaliza mapema kwa amri ya Word iitwayo Repeat Header Rows, ambayo wengi hudhani ni ya kurudia vichwa kwenye kila ukurasa tu. Faili likihifadhiwa kama PDF yenye lebo za muundo, safu mlalo iliyowekewa amri hiyo huandikwa kuwa ya vichwa. Neno "kuhifadhiwa" hapa nalisisitiza, kwa sababu njia ya kuchapisha kwenye PDF hutupa lebo zote. PDF kwa asili yake ni maelekezo ya kuchora: herufi hii iwekwe hapa, mstari upite pale. Haijui jedwali ni nini mpaka iambiwe kwa lebo, na kiwango cha ISO 14289 cha kuziagiza lebo hizo kipo tangu 2012. Kwenye wavuti hakuna kisingizio kabisa: HTML 4.0 ya Desemba 1997 ilikwisha kuweka sifa iitwayo scope, inayosema kichwa kinatawala safu mlalo au safu wima.

Kuhusu picha ya ratiba iliyopigwa kwa simu ukutani na kutumwa WhatsApp, sina mengi. NVDA inaweza kuyatambua maandishi yake kwa Insert na R, na mara nyingi maneno yanapatikana. Nani anakaa chini ya nani ni kubahatisha, na ratiba bila hilo ni orodha ya masomo tu.

Kasoro moja ya majedwali halisi niitaje. Visanduku vilivyounganishwa ili neno "Mapumziko" litambae katikati ya ratiba huvuruga hesabu: unaruka kutoka safu wima ya kwanza hadi ya nne bila kujua umevuka nini. Andika "Mapumziko" katika kila kisanduku. Hakuna atakayekushtaki kwa kurudia.

Nawe unayeandaa ratiba, orodha ya bei au matokeo ya darasa, kabla hujatuma weka kishale mwanzoni mwa kichwa cha kwanza, ubonyeze Tab. Kishale kikiruka kwenda kisanduku cha pili, umetengeneza jedwali. Maneno yakisukumwa kulia, umechora picha yake.